SOMO KWA JAMAA NA PAROKIA: MAISHA YA KILA SIKU BAADA YA KIHARUSI



Somo letu safari hii ni juu ya ugonjwa wa kiharusi, ule ambao waganga wa hospitali kwetu Kongo wanauandika AVC. Katika parokia nyingi kuna baba au mama aliyeanguka kwa ugonjwa huu, akapelekwa hospitali, akarudi nyumbani akiwa hai. Siku ya kurudi tuliimba, tulimshukuru Mungu. Kisha kila mtu alikwenda kwenye kazi yake, na yeye alibaki kitandani na mke wake au binti yake. Ni hapo somo letu linaanzia.

Mafungu ya kusoma kwanza: Marko 2:1-12; Wagalatia 6:2 na 5; 2 Wafalme 20:1-7; Yohana 9:1-3; 2 Samweli 9.

Neno la kushika: Tumbebe mgonjwa pale asipoweza, pale anapoweza, tumwachie afanye mwenyewe.

1. TUUFAHAMU UGONJWA

Ubongo unalishwa na damu inayopita katika mishipa. Mshipa mmoja ukizibwa na damu iliyoganda, au ukipasuka, sehemu ya ubongo inakosa damu na inaanza kufa. Hicho ndicho kiharusi. Mambo hayo mawili, kuziba na kupasuka, yanafanana kwa macho yetu, lakini dawa zake si moja. Kwa hiyo hatumpi mtu aspirini nyumbani kwa kukisia tu, kwani ikiwa mshipa umepasuka tunaongeza hatari.

Upande wa kushoto wa ubongo unaongoza upande wa kuume wa mwili, na upande wa kuume wa ubongo unaongoza upande wa kushoto. Ndiyo sababu mtu anapooza nusu moja. Kwa watu wengi maneno yanakaa upande wa kushoto wa ubongo. Kwa hiyo aliyepooza mkono wa kuume mara nyingi ana shida ya kusema pia. Aliyepooza upande wa kushoto anaweza kusema vizuri, lakini pengine anasahau kabisa upande ule: anakula nusu ya sahani na kuacha nusu, anagonga bega kwenye mlango. Si kiburi wala wazimu. Ubongo wake hauoni upande ule.

Sababu kubwa ya kiharusi ni tansio, yaani nguvu ya damu iliyopanda. Tansio inaweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi bila kumuumiza popote. Tena kuna ugonjwa wa sukari, ugonjwa wa moyo, tumbako na pombe. Kwa mtoto na kijana, ugonjwa wa damu wa seli mundu (siklemi) unaweza pia kuleta kiharusi.

Ndugu, tuseme wazi. Mtu akianguka ghafula, maneno yanaanza katika lupango: nani amemroga? Alimkosea nani? Shangazi anatazamwa kwa jicho baya, bibi kizee jirani anatajwa, na jamaa inapasuka siku ileile inapopaswa kushikana. Wanafunzi walimwuliza Bwana juu ya kipofu, ni nani aliyefanya dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Tujifunze kwake. Siku ya kiharusi haitumiwi kutafuta mchawi. Inatumiwa kutafuta gari au pikipiki ya kufika hospitali upesi, na kushika saa ile dalili zilipoanza ili mganga aijue. Tusimchanje wembe, na tusimtilie kitu chochote mdomoni, kwani koo lake linaweza kuwa limelegea.

2. WATU WANNE NA GODORO

Katika Marko sura ya 2 tunasoma habari ya mtu aliyepooza kule Kapernaumu. Watu wanne walimbeba. Mlango ulijaa watu, wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamshusha. Marko anaandika kwamba Yesu aliiangalia imani yao. Imani ile ilionekana kwa kazi ya mikono, jasho, na dari lililohitaji kutengenezwa baadaye.

Lakini tusiishie hapo. Mwisho wa habari ile mtu aliamriwa asimame, achukue mwenyewe kile alicholalia, aende kwake. Wale wanne hawakumbeba tena. Bwana hakumwacha mbele ya watu ili ashangiliwe. Alimrudisha nyumbani, kwenye maji, moto, shamba na watoto. Kupona kwake kulikuwa na safari ya kurudi katika maisha ya kila siku.

Mtume Paulo naye, katika Wagalatia 6, anasema mambo mawili karibu-karibu. Mstari wa 2 unatutaka tusaidiane mizigo. Mstari wa 5 unasema kila mtu ana mzigo wake mwenyewe. Mtu akisoma haraka atadhani Paulo anajipinga. Hapana. Kuna mzigo unaomshinda mtu mmoja, huo tunaubeba pamoja. Kuna mzigo ulio wa mtu mwenyewe, na ukimnyang'anya unamnyang'anya heshima yake.

Kwa mgonjwa wa kiharusi tunakosa kwa njia mbili. Wengine wanamwacha: wanampa chakula na kufunga mlango. Wengine wanampenda vibaya: wanamlisha, wanamvika, wanajibu kwa niaba yake, hawamruhusu hata kushika kikombe. Wa kwanza na wa pili wanafika mahali pamoja, yaani mtu anabaki juu ya godoro. Waganga wanajua sababu yake. Mkono mzima ukifanya kila kitu, ubongo unauacha ule dhaifu. Ukitumiwa kila siku, hata kidogo, sehemu nyingine za ubongo zinaweza kujifunza kazi ya sehemu iliyokufa. Nguvu nyingi zinarudi katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza, lakini haziishii hapo. Wako wanaoendelea kupata nafuu miaka mingi baadaye. Kwa hiyo wiki za kwanza tusizipoteze kwa kungoja.

3. KAZI ZA KILA SIKU, MOJA MOJA

Hapa tuende polepole, kwani ni hapa jamaa nyingi zinashindwa kwa kukosa kuonyeshwa.

Kulala. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya mgongo na vya kisigino. Mkono uliolegea uwekewe mto chini yake. Mashuka yawe makavu.

Kuinua. Tusimvute mgonjwa kwa mkono ule dhaifu hata siku moja. Bega lililolegea linatoka mahali pake upesi, na maumivu yake yanakaa miezi. Tumshike kiunoni au mgongoni, miguu yake ikiwa imekanyaga chini. Akihama kutoka kitandani kwenda kitini, kiti kiwekwe upande wake wenye nguvu. Kigoda hakifai. Tafuteni kiti kigumu, kirefu kidogo, chenye mikono.

Kula. Akae wima, kichwa kikielekea mbele kidogo. Kijiko kidogo, polepole, ameze kwanza ndipo kingine. Tusimlishe akiwa amelala. Akikohoa kila anapokunywa maji, au sauti yake ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, jamaa imwambie mganga, kwani chakula kinaweza kuingia katika mapafu na kuleta nimonia. Uji mzito mara nyingi unamezeka vizuri kuliko maji matupu. Baada ya kula akae wima nusu saa. Akianza kupata nguvu, bukari ni chakula kizuri cha kufundisha mkono: akate tonge mwenyewe, hata likidondoka.

Mkono wa kushoto. Kwetu kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumdharau, na wazee wanaona haya sana juu ya jambo hili. Baba aliyepooza mkono wa kuume anakataa kula mbele ya wageni, anakataa hata kwenda ibada ili asisalimie watu kwa kushoto. Ndugu, sisi ndio tumwondolee haya hiyo. Akinyosha mkono wa kushoto, tuupokee kwa mikono yetu miwili. Watoto wafundishwe hivyo wangali wadogo.

Kuvaa. Mkono dhaifu unaingia kwanza katika shati; wakati wa kuvua unatoka mwisho. Mguu vilevile. Nguo pana ni rahisi. Mama anaweza kufungiwa kikwembe kwa kamba au lastiki badala ya fundo. Kuvaa peke yake kunaweza kuchukua nusu saa. Tumwache. Akianza kuvaa mapema, hatachelewa ibada.

Kuoga na moto. Upande uliopooza mara nyingi hausikii moto. Maji ya kuoga yapimwe kwa mkono mzima kwanza. Mama anayerudi jikoni akae mbali kidogo na mbabula, sufuria iwe imetulia, na mtu awe karibu siku za mwanzo.

Choo. Jambo hili halisemwi, lakini ndilo linalowavunja watu moyo kuliko yote. Choo chetu cha shimo kinataka mtu achuchumae, na mguu mmoja hauwezi. Fundi wa mbao anaweza kutoboa kiti katikati, kikawekwa juu ya shimo. Nguzo moja pembeni ya kushika, na kamba au fito toka mlangoni mpaka chooni, zinamrudishia mtu mzima siri yake. Gharama yake ni mbao chache na asubuhi moja ya kazi. Vijana wa parokia, hiyo ni kazi yenu.

Kutembea. Fimbo inashikwa kwa mkono mzima, si upande wa mguu dhaifu. Msaidizi asimame upande dhaifu. Kwenye ngazi, mguu wenye nguvu unatangulia kupanda. Wakati wa kushuka mguu dhaifu unatangulia. Leo mpaka mlangoni, wiki kesho mpaka mwembeni, kisha mpaka kwa jirani. Mikeka, mawe na kamba za njiani ziondolewe. Kama kuna mganga wa mazoezi, anayeitwa kine, mwende kwake mapema akawaonyeshe. Kisha mazoezi yafanywe nyumbani kila siku. Vituo vya walemavu kama Heri Kwetu ya Bukavu na Shirika la Umoja ya Goma vimejulikana miaka mingi kwa kazi ya kuinua watu wasioweza kutembea. Mahali pasipo na kituo, ulizeni hospitali ya zone.

Kuchoka. Mgonjwa wa kiharusi anachoka kuliko tunavyofikiri. Kuoga na kuvaa tu kunaweza kummaliza nguvu za asubuhi. Tusimwite mvivu. Kazi kidogo, pumziko, kazi kidogo tena.

4. ULIMI ULIOFUNGWA

Wako wanaofahamu yote lakini hawapati neno. Anataka kusema maji, anasema meza. Anakasirika, analia, mwisho ananyamaza kabisa. Wengine hawaelewi vizuri hata tunayosema. Akili na maneno ni vitu viwili: maneno yamefungwa, mtu yuko ndani. Kwa hiyo tusiseme mbele yake kana kwamba hayupo, wala tusimsemeshe kama mtoto mchanga. Baba aendelee kuitwa Baba, mzee wa kanisa aendelee kupewa salamu ya mzee.

Tukae mbele ya uso wake. Tuzime redio. Tuulize swali moja fupi linalojibiwa ndiyo au hapana. Tungoje. Kumalizia sentensi yake kwa haraka ni kumfunga mara ya pili. Anaweza pia kuonyesha kwa kidole, kwa picha, kwa kuandika kwa mkono wa kushoto.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu, ambalo waganga wanalijua vizuri. Mtu asiyeweza kusema jina lake anaweza kuimba wimbo aliouzoea tangu utoto, na maneno yote yakatoka. Anaweza pia kuhesabu, kutaja siku za juma, au kufuata sala aliyoizoea. Sababu ni kwamba wimbo na maneno ya mazoea yanapita njia nyingine katika ubongo, si ile ya mazungumzo. Waganga wengine wanatumia hiyo kama dawa: wanaanza na kuimba, kisha wanapunguza sauti ya wimbo kidogo-kidogo mpaka libaki neno.

Kwa hiyo kwaya zetu zina kazi ambayo hospitali haina watu wa kuifanya. Waimbaji wawili au watatu waende kwake kila wiki, waimbe naye polepole, wakimpigia mdundo kwa mkono wake. Lakini tujihadhari na neno baya. Mtu akisikia ameimba vizuri asiseme, "Kumbe anaweza kusema, anatudanganya." Hadanganyi. Kuimba na kusema ni milango miwili, mmoja umefunguka kwanza.

5. MOYO NA NYUMBA

Karibu mtu mmoja katika watatu waliopata kiharusi anaingia katika huzuni nzito. Halali, hali, hataki mazoezi, anasema afadhali ningekufa. Hii si kukosa imani. Ni sehemu ya ugonjwa, na mganga anaweza kuisaidia kwa mazungumzo na kwa dawa. Wengine wanalia au kucheka bila sababu, hata katika matanga wanacheka. Tusiwaaibishe, tuwashike mkono, tubadilishe mazungumzo, itapita.

Nyumba nayo inageuka. Baba aliyekuwa akigawa franka za soko, sasa anaomba. Mke anashika biashara, shamba, mgonjwa na watoto. Mara nyingi binti mmoja anatolewa shuleni ili amtunze babu yake. Wazee, msikubali hilo kwa haraka. Mtunzaji naye ni mtu. Asipolala ataanguka yeye, na hapo mtakuwa na wagonjwa wawili.

Baba asiondolewe katika baraza la nyumba. Aulizwe juu ya mahari, juu ya shamba, juu ya mtoto anayetafuta kazi. Mume na mke wasione haya kumwuliza mganga juu ya maisha yao ya ndoa. Wengi wanaweza kuyarudia, na hofu ndiyo inayowatenga kuliko ugonjwa. Anayemwacha mwenzake kwa sababu ya kupooza, parokia imwite na kuzungumza naye.

Kazi ya mkono irudi kwa kipimo. Fundi cherehani wa mashine ya miguu anaweza kuanza kwa kukata vitambaa na kufundisha vijana. Mama muuza sombe anaweza kukaa mezani kwake saa moja, mjukuu akipokea makuta. Mwalimu anaweza kusahihisha daftari tano. Wenzake wasimfute katika likelemba. Wampunguzie mchango, lakini jina lake libaki.

Mfano wa mtu anayejulikana ulimwenguni ni Louis Pasteur wa Ufaransa. Alipata kiharusi mwaka wa 1868, akiwa na umri wa miaka 45, akapooza upande wa kushoto, na upande ule haukupona kabisa. Alirudi kazini, wasaidizi wake wakifanya kwa mikono yao yale ambayo mkono wake haukuweza. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilipewa mtoto Joseph Meister mwaka wa 1885, miaka 17 baada ya kiharusi kile. Hakuwa tena mtu yule wa mwanzo, lakini kazi yake haikufa. Ni vema tuseme hivyo kwa wagonjwa wetu pia. Wengine watarudi karibu kama zamani. Wengine watabaki na fimbo maisha yote. Tusiwaahidi yale tusiyopewa kuahidi, wala tusiwafungie mlango.

6. SALA NA KIDONGE

Sisi ni watu wa sala. Tunapiga magoti, tunafunga, tunakesha, tunatazamia mkono wa Mungu. Hatuachi hata moja. Lakini tusome 2 Wafalme 20. Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa, akaomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Naye nabii Isaya aliyeleta habari hiyo akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake. Nabii alikuwa na neno la Mungu kinywani na dawa mkononi, siku ileile. Nani kati yetu aliye nabii kuliko Isaya?

Aliyepata kiharusi mara moja yuko karibu na cha pili kuliko watu wengine. Katika viharusi vinne, karibu kimoja kinampata mtu aliyekwisha kupata kingine mbele. Tena cha pili mara nyingi kinabomoa yale yote yaliyojengwa. Kwa hiyo tushike haya:

a) Kidonge cha tansio ni cha kila siku, na kwa watu wengi ni cha maisha yote. Kujisikia vizuri ni alama kwamba kinafanya kazi. Si alama ya kukiacha. Mtu asikiache kwa sababu ameombewa. Mungu akiwa amemponya, mganga atapima na kuona, naye atapunguza mwenyewe.

b) Tansio ipimwe na kuandikwa katika daftari. Ikifika 140 juu ya 90 au zaidi mara kwa mara, arudi kwa mganga.

c) Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile iliyofichwa katika vyakula. Makayabu yalowekwe na maji yabadilishwe mara nyingi, au yaachwe. Maggi vilevile ina chumvi nyingi. Lengalenga, maharagi, samaki mbichi na matunda ni vema. Sombe inapikika vizuri kwa kitunguu na mafuta kidogo. Tumbako na pombe ziachwe kabisa.

d) Anayekunywa dawa za tansio au za sukari asifunge chakula wala kukesha usiku kucha bila ruhusa ya mganga. Wengine wafunge kwa ajili yake. Asiyeweza kupiga magoti aombe akiwa ameketi. Mungu hatazami magoti kwanza. Mahali tunapovua viatu, awekewe kiti mlangoni na kijana wa kumfungulia kamba.

e) Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakipotea ghafula, ni hospitali upesi, hata kama dalili zimepita baada ya dakika chache. Zile dakika chache ni onyo.

7. KAZI YA PAROKIA: KIKUNDI CHA WANNE

Kama kule Kapernaumu walikuwa wanne, sisi pia tuweke wanne kwa kila mgonjwa wa kiharusi katika parokia, kwa mwaka mzima. Huruma ya wiki mbili haitoshi.

Wa kwanza ni wa njia: anamtembeza mara tatu kwa wiki na kumleta ibada. Wa pili ni wa dawa: anatazama daftari la tansio, anahesabu vidonge, analeta habari kwa diakonia kabla havijaisha. Wa tatu ni wa nyumba: anachota maji au kufua siku moja kwa wiki, ili mtunzaji alale au aende sokoni. Wa nne ni wa mazungumzo: anakaa naye, anaimba naye, anamletea habari za watu na kuuliza shauri lake.

Katika ibada asifichwe nyuma. Mefiboshethi alikuwa amelemaa miguu yote miwili, naye Daudi alimketisha mezani pake pamoja na wana wa mfalme, siku zote. Kama mgonjwa alikuwa mzee wa sifa, apewe kusoma fungu moja fupi, au kushika sahani ya sadaka kwa mkono unaoweza. Watu watangoje.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA VIKUNDI

1. Katika Marko 2, ni kazi gani ambayo wale wanne waliifanya, na ni kazi gani mtu mwenyewe aliifanya?

2. Wagalatia 6:2 na 6:5 zinapatanaje? Toeni mfano mmoja wa nyumbani kwa kila mstari.

3. Katika parokia yetu ni nani aliyepata kiharusi na hatumwoni tena ibadani? Njia ya kwenda kwake ni ngumu wapi?

4. Mambo gani tunamfanyia mgonjwa wetu ambayo angeweza kuyafanya mwenyewe akipewa nafasi?

5. Nani kati yetu hajapimwa tansio tangu mwaka jana? Tuweke siku ya kwenda pamoja kituo cha afya.

6. Wanne wetu ni nani? Majina yaandikwe kabla ya kufunga somo, na mchungaji apewe karatasi.

Bwana aliyemrudisha yule mtu kwake atusaidie kuwarudisha wagonjwa wetu katika nyumba zao, katika kazi zao na katika viti vyao ibadani. Amina.